Mambo ya Nyumbani: Vikorokoro vya Penye Sinki, na Kama Vina Kazi

Mwezi huu twajibu swali lililotufikia kutoka nyumba ya mwalimu mmoja wa upande wa Handeni. Yeye na mkewe wamemaliza kujenga nyumba yao, na fundi amewatilia sinki jikoni. Kisha ndugu zao wakaao mjini wakawaletea sanduku zima la vitu vya kuweka penye sinki hilo: vizibo, vichujio, kikapu cha waya, chupa ya kubonyeza sabuni, sponji za rangi mbalimbali, na kijibomba kilaini cha kuvika mdomo wa koki. Wanauliza: Je, vitu hivi vina kazi gani? Na sisi ambao bomba letu hutoa maji siku moja na kunyamaza siku kadhaa, vitatufaa, ama ni mzigo tu?

Swali hili si dogo. Jikoni ndipo maradhi mengi ya tumbo yaingiapo katika nyumba, na jikoni ndipo maji yaishiapo. Na maji hayo, katika nyumba zetu nyingi, hubebwa kichwani na mama au binti. Tena vitu hivi hununuliwa kwa fedha, na fedha ya mwalimu yajulikana ilivyo. Basi yatupasa kuvichungua kimoja kimoja, tusividharau kwa sababu ni vigeni, wala tusivitukuze kwa sababu vinang'aa. Wazee walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwanza tujue kuosha vyombo ni kufanya nini. Ni mambo manne. La kwanza ni kukwangua makombo. La pili ni kuondoa mafuta, na kazi hii ni ya sabuni, au ya majivu, maana maji peke yake hayapatani na mafuta. La tatu ni kusuuza. La nne, ambalo wengi hulisahau, ni kukausha, kwa sababu vijidudu vya maradhi hupenda unyevu, na chombo kikavu huwanyima makao. Kila kitu kisaidiacho moja la mambo haya manne kina kazi. Kisichosaidia hata moja ni pambo. Pambo si dhambi, lakini lisiitwe chombo cha kazi, wala lisinunuliwe kwa fedha ya daftari za watoto.

Sasa tulifungue sanduku. Kizibo cha mpira ni kitu kidogo, tena cha bei ndogo, walakini katika nchi yetu ndicho kilicho bora kupita vingine vyote. Hufanya sinki kuwa beseni. Tazameni hesabu hii. Koki ikitoa lita 6 kwa dakika moja, na mtu akaosha vyombo dakika 10 huku imefunguliwa, lita 60 zimekwenda zake, yaani ndoo 3 za lita 20. Lakini akiziba tundu na kutia lita 8 za kuoshea, kisha akatumia lita 8 nyingine za kusuuzia katika beseni la pembeni, kazi ile ile imekwisha kwa chini ya ndoo moja. Ndoo moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20 bila kuhesabu ndoo yenyewe. Basi kizibo hiki kimempunguzia binti safari mbili za kisimani. Mtu asikicheke.

Wengine hustaajabu kuona katika sinki nyingine tundu la pili, lililo juu karibu na ukingo, nao hudhani ni kosa la mwenye kiwanda. Si kosa. Mtu akiziba chini na kusahau koki wazi, maji yakifika pale juu hupata njia ya kushuka bombani, yasifurike sakafuni. Katika miji ambayo bomba hunyamaza lina faida zaidi: mtu hufungua koki, haoni kitu, huondoka bila kuifunga, na maji huja usiku watu wamelala. Tundu hilo lisizibwe, tena lisuguliwe kwa kibrashi, kwa kuwa ute hujikusanya ndani yake.

Kichujio, ile sahani ndogo yenye matundu ikaayo juu ya tundu la sinki, nacho kina kazi ya kweli. Hukamata wali, maganda ya vitunguu na miiba ya samaki isiingie bombani. Ila chenyewe si pipa la taka. Kimwagwe kila mara baada ya kuosha, kwani makombo yakilala humo usiku kucha huwaalika mende na panya. Makombo yetu yana walaji tangu zamani, nao ni kuku. Katika nchi ya Marekani watu wengi wana mashine ndani ya sinki isagayo makombo na kuyapeleka na maji; mtu aitwaye John Hammes wa mji wa Racine, Wisconsin, alianza kuiunda mwaka 1927. Kwao, penye mabomba makubwa ya maji machafu na maji tele, ina maana yake. Kwetu sisi ingetumia umeme na maji ili kuwanyang'anya kuku chakula chao.

Lipo jambo lingine lisilo katika sanduku, lakini watu hutuuliza habari zake. Chini ya sinki bomba hupinda kama shingo ya bata, na mafundi wengine, wakitaka kupunguza gharama, huliondoa pindo hilo na kutia bomba lililonyooka. Mtu hufurahi kwa mwezi mmoja, kisha jiko lote hunuka kama shimo. Pindo lile huwekwa makusudi. Maji kidogo hubaki ndani yake daima, na maji hayo ndiyo mlango: maji machafu hupita kushuka, bali harufu mbaya na wadudu hawawezi kupanda. Mtengeneza saa mmoja Mskoti, jina lake Alexander Cumming, alipata hati ya uvumbuzi huko London mwaka 1775 kwa choo chenye bomba lililopinda namna hiyo, na hata leo wazo ni lile lile. Basi fundi akitaka kulinyosha, mkatazeni. Na nyumba ikikaa bila kutumiwa, maji ya ndani ya pindo hukauka. Mkirudi safarini, mimineni kikombe kimoja cha maji, na mlango utafungwa tena.

Tuje mdomoni mwa koki. Koki nyingi za siku hizi zina kijichujio chembamba ndani ya mdomo, ambacho huchanganya maji na hewa, yakatoka laini bila kuruka, tena machache. Ni kitu chema. Lakini maji yetu huja na tope na mchanga, hasa siku ya kwanza baada ya bomba kunyamaza, na kijichujio huziba. Hapo watu husema koki imekufa, wakaita fundi na kumlipa. Kabla ya kumwita, kizungusheni kwa mkono, kitoeni, kisafisheni kwa mswaki mkuukuu, mkirudishe. Kile kijibomba kilaini kivikwacho mdomoni hufaa penye sinki kubwa na koki fupi. Penye sinki dogo hakina kazi ila kuwafurahisha watoto, nao watoto wakifurahi na maji, pipa huisha.

Sasa sponji, na hapa twaomba msikie vizuri. Sponji hupendwa kwa kuwa ni laini na hutoa povu jingi, lakini ina matundu yasiyohesabika, nayo hukaa na unyevu mchana na usiku. Mwaka 2017 wataalamu wa Ujerumani walichapisha habari za sponji 14 zilizokuwa zimetumika majikoni mwa watu, nao walikuta vijidudu vimejaa ndani yake kwa wingi wa kutisha. Wala zile ambazo wenyewe walisema huzisafisha mara kwa mara hazikuonekana kuwa na vijidudu vichache kuliko nyingine. Si wote ni wa maradhi, walakini sponji kuukuu haina haki ya kuitwa kitu safi. Anayeitumia aikamue, aianike juani, na aitupe mapema. Kadhalika kile kitambaa kimoja kikaushacho mikono, kikafuta meza, kisha kikafuta kikombe cha mgeni: afadhali kikombe kikauke chenyewe.

Je, tusugulie nini basi? Jibu limetuzunguka pande zote. Dodoki hupanda juu ya ua bila kuomba mbolea. Likikauka, mtu hulimenya, hukung'uta mbegu kwa ajili ya mwaka ujao, na nyuzi zake husugua kikombe bila kukikwaruza. Likichakaa hutupwa, nalo huoza likawa udongo. Na katani je? Korogwe ni nchi ya mkonge. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na katika ile iliyotoka huko ni 62 tu iliyopona ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka katika miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa tuyaonayo njiani, na katika miaka ya 1960 nchi yetu ilifikia kutoa katani zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakarudi kuwa msitu. Leo plastiki hiyo hiyo inaifuata katani hata jikoni. Fungu la katani iliyosafishwa na kukaushwa, likifungwa kwa kamba, husugua sufuria ya ugali vizuri sana na hukauka upesi. Ila msitumie jani bichi, maana utomvu wake huwasha ngozi.

Majivu nayo yasidharauliwe. Ndani yake mna magadi, ambayo hushikamana na mafuta na kuyafanya kama sabuni. Yachungeni, mkaa na misumari isiwemo, yasugueni, kisha suuzeni kwa maji safi. Ila yasilale ndani ya sufuria ya alumini, kwa kuwa huitia weusi. Na mchanga hufaa kwa masizi ya nje, bali usitolewe mahali wapitapo ng'ombe na mbuzi. Stilwaya husugua kwa nguvu, lakini hukatika vipande; mama akiitumia na asuuze sana, mtoto asije akameza waya pamoja na uji.

Chupa ya kubonyeza sabuni ni nzuri kwa kuwa hupunguza upotevu. Sabuni ya maji imiminwayo kutoka katika dumu hutoka nyingi kupita kiasi, na sabuni nyingi hudai maji mengi ya kusuuza. Lakini chupa yoyote yenye kifuniko kilichotobolewa kwa msumari hufanya kazi ile ile. Anayepewa aipokee kwa shukrani, asiyepewa asihuzunike.

Tumebakiwa na kikapu cha waya cha kukaushia vyombo. Huyu ni mtoto mdogo wa kichanja chetu, na baba yake amempita kwa kimo na kwa faida. Kikapu hukaa ndani, kivulini, na mara nyingi juu ya sahani ya plastiki isimamishayo maji chini yake. Kichanja cha fito hukaa nje, juu kuliko kuku na mbwa, upepo hupita kati ya fito, na jua hulipiga bakuli pande zote. Jua hukausha, tena lenyewe huua vijidudu vingi. Wazee wetu waikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofundisha vijijini kwa redio na kwa vikundi vya kusoma kwamba maradhi mengi huzuiwa nyumbani. Na mabwana afya, wakaguapo nyumba, hutazama choo, shimo la taka na kichanja. Basi aliye na sinki asibomoe kichanja chake. Aoshee ndani, aanikie nje, na jua likichwa aviingize vyombo kabatini vikiwa vikavu.

Wenzetu wa Handeni watasema: Mwasema habari za koki, na sisi je? Twajua. Bomba kuu lililojengwa katika miaka ya 1970 kuleta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe hata Handeni lilikuwa jambo kubwa, walakini watu wameongezeka, na vipo vijiji ambavyo kiangazi chao ni lambo lililokauka na msururu wa ndoo. Kwa nyumba kama hizo twashauri mabeseni mawili na kibuyu chirizi. Huchukuliwa dumu la lita 5, hutobolewa tundu dogo karibu na mdomo, hutundikwa kwenye mti, na kamba hufungwa kutoka mdomoni hata kijiti kilicho chini. Mguu ukikanyaga kijiti, dumu huinama, na maji huchirizika kidogo kidogo juu ya mikono. Mtu hashiki koki kwa mkono mchafu, na maji kidogo huosha mikono ya watu wengi. Wageni wakikiona mara ya kwanza hucheka, maana ni kitu cha ajabu kukitazama. Wacheke, kisha wanawe.

Jambo moja kubwa twawaomba waume walitazame kwa macho yao wenyewe, nalo ni mahali maji machafu yaendapo. Tumeona nyumba nyingi zenye sinki zuri ndani, na nje ya ukuta bomba limeachwa likimwaga maji chini ya dirisha. Hapo hufanyika dimbwi jeusi. Na katika maji machafu kama hayo huzaliwa mbu wa aina ile ichukuayo ugonjwa wa matende na mabusha, ugonjwa uliojulikana sana katika mkoa wetu wa Tanga. Sinki la namna hii limeondoa uchafu jikoni na kuupeleka chumbani mwa watoto. Chimbeni shimo mbali na nyumba na mbali na kisima, lijazeni mawe makubwa chini na madogo juu, maji yanywewe na ardhi. Au yaongozeni penye migomba, yasituame. Gharama yake ni jembe na jasho la siku moja. Asiyeweza kuchimba shimo hili bado hajawa tayari kwa sinki.

Na sasa neno la mwisho, lililotufanya tuandike kwa urefu hivi. Tumesikia kwamba wako mama, hasa wajane, ambao siku hizi huona haya kuipokea jumuiya ya sala nyumbani mwao, kwa kuwa wenzao wana sinki na vikombe vya seti, na wao wana beseni na vikombe vya enameli vilivyomenyeka. Zamu yao ikifika hutoa udhuru. Ndugu zangu, jambo hili ni jeraha katika mwili wa Kanisa. Katika arusi ya Kana yalikuwapo mabalasi sita ya mawe ya maji ya kutawadhia, wala hatusomi kwamba Bwana aliuliza habari za thamani yake. Tena aliwakemea wale waliosafisha nje ya kikombe na kuacha ndani kumejaa unyang'anyi. Tukiingia nyumbani mwa mjane na macho yetu yakaanza kuhesabu vyombo vyake, sisi ndio tulio vikombe hivyo. Kikombe kilichooshwa kwa majivu, kikasuuzwa na kuanikwa juani, ni safi. Chai yake inyweni kwa furaha, na mkiondoka, binti zenu na wachote ndoo mbili za maji wamwachie.

Waalimu twawaomba wafanye somo moja darasani. Kila mtoto na ahesabu nyumbani kwao, kwa muda wa siku saba, ndoo ngapi zimetumika kuoshea vyombo, nani alizibeba, na maji machafu yalimwagwa wapi. Hesabu hizo ziandikwe ubaoni. Hilo litakuwa somo la hesabu na la afya pamoja, na huenda baba wengine wakajua kwa mara ya kwanza uzito wa maji wanayoyanywa.

Kwa mwalimu wetu aliyeuliza, jibu letu ni hili. Kizibo, kichujio na chupa ya sabuni, vitumieni. Kikapu cha waya kiwe cha siku za mvua, na siku za jua kichanja kifanye kazi yake. Sponji zioshe meza na sakafu, na vyombo viachiwe dodoki. Kijibomba kilaini mpeni jirani mwenye koki fupi. Kisha, kabla ya kununua kitu kingine chochote, nunueni pipa lenye kifuniko, maana sinki lote na vikorokoro vyake, siku bomba linyamazapo, hungoja maji ya pipa hilo.

Mungu azibariki nyumba zenu, na mikono ya wale wanaoosha wakati wengine wamekwisha kulala.